Athene, Sparta na Mlango wa Kikwajuni

Tooting, London
3 Februari 1979

Mwalimu Fanuel Semkiwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba jina lililo nyuma ya bahasha halikukufanya uiweke kando bila kuifungua. Anwani yako nimepewa na Kalpana, yule binti wa duka la vitambaa uliyemfundisha mwaka wa sitini na moja. Nilikutana naye Kilburn mwezi uliopita. Alipita Muheza wakati wa Krismasi, akaniambia kwamba umestaafu, unalima michungwa, na bado unasahihisha Kiswahili cha watu hata wakija kukupa pole.

Sisi tupo. Baridi ya mwaka huu ni kali, na wazoa taka wamegoma, kwa hiyo mifuko myeusi imerundikana mpaka kwenye kituo cha basi. Watu wanaipita kama hawaioni. Nami nimejifunza kuipita.

Nieleze kilichonifanya nikuandikie. Nimestaafu mwaka jana kutoka ghala moja la mizigo huko Hayes, karibu na uwanja wa ndege, ambako kwa miaka kumi na mmoja nilipanga masanduku ya watu waliokuwa wakienda kwingine. Vyeti vyetu vya ualimu huku havikutambuliwa. Sasa maktaba ya hapa Tooting imeniomba nifundishe historia kila Jumamosi asubuhi, darasa la watu wazima wanaotaka kufanya mtihani wa Juni. Ninao wanafunzi tisa. Yumo Tarsem, kondakta wa basi, na yumo Njeri, nesi kutoka Nyeri, ambaye huja moja kwa moja kutoka kazini akiwa na viatu vyake vyeupe. Mada ya kwanza, utacheka ukisikia, ni sababu za vita kati ya Athene na Sparta.

Utakumbuka daftari letu la jalada la kaki, lile tuliloliandika pamoja mwaka wa hamsini na nane, lenye orodha ya malalamiko yote kwa mwandiko wako. Nililiacha kabatini, katika chumba cha walimu. Kama kwa bahati ulilichukua, au kama unakumbuka lilivyopangwa, nitashukuru ukiniandikia. Vitabu vya hapa ni vizuri, lakini vimeandikwa kwa mtu anayejua tayari. Wanafunzi wangu hawaelewi vipi ugomvi wa mji mdogo kama Epidamno uliweza kuivuta nchi nzima ya Wayunani vitani kwa miaka ishirini na saba.

Ni hilo tu. Nisalimie nyumbani.

Pravin Vaidya


Muheza
27 Februari 1979

Mwalimu Pravin, ndugu yangu,

Barua yako imefika. Niliifungua palepale posta, nikaisoma nimesimama, karani akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, ila nimeulizwa swali la historia.

Daftari lipo. Nililichukua mwaka wa sitini na tano nilipohamishiwa bara. Mchwa wamekula kona moja, wakaishia Megara. Nimekufungia lote humu, maana mimi sina tena wa kumfundisha, na michungwa haifanyi mtihani.

Kuhusu Epidamno, waeleze hivi. Mji ule ulikuwa mtoto wa Korkira, na Korkira mwenyewe alikuwa mtoto wa Korintho. Wenyeji wa Epidamno wakagombana wao kwa wao, wanyonge wakamwomba mama yao Korkira awapatanishe, mama akakataa kuwasikiliza. Wakaenda kwa bibi yao Korintho, naye akakubali, maana alikuwa na kinyongo chake na Korkira. Mama na bibi wakapigana baharini. Korkira akaogopa, akamkimbilia Athene. Korintho naye akamkimbilia Sparta. Kisha Athene akamfungia Megara masoko na bandari zake zote, na Megara naye akaenda kulia palepale kwa Sparta. Watu husema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Hapa ni nyasi ndizo zilizowapiganisha tembo. Lakini wakumbushe kwamba tembo wale walikuwa wametazamana kwa miaka mingi. Athene alikuwa anapanda, na Sparta alikuwa anamtazama akipanda.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiwafanyia mdahalo kila mwaka, wewe ukimtetea Athene, mimi Sparta? Mwaka wa sitini na tatu nilikushinda. Vijana walinibeba mabegani mpaka uwanjani, na mkaguzi wa elimu alikuwepo. Ulikuja ukanipa mkono. Nimeukumbuka sana mkono ule.

Huku nasi tuna vita vyetu, utakuwa umesikia redioni. Mwanangu Solomon, uliyemjua akiwa na miaka minne, ni dereva wa lori la jeshi huko Kagera. Nimemsomea mama yake magazeti yote yanayoeleza mpaka uko wapi na nani aliuvuka kwanza. Ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza, "Na Solomon wamemtaja?"

Pravin, umeniandikia kuhusu daftari, nami nimekujibu kuhusu daftari. Lakini mimi ni mtu mzima sasa, na sitaki kuifunga bahasha hii bila kusema. Siku ile ya Jumatatu, siku ya pili ya mapinduzi, Januari ya sitini na nne, ulipokuja Kikwajuni mchana na kubisha mlango wangu, nilikuwa ndani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kamba, hatua tano kutoka mlangoni. Niliinamia redio nikaipunguza sauti. Nilimsikia Lila akikuuliza, "Baba, hawapo?" Nilisikia mkiondoka. Mama Solomon alinitazama.

Niliogopa. Watu walikuwa wanatafutwa nyumba kwa nyumba, na mimi nilikuwa mgeni kutoka bara mwenye mke na mtoto. Hayo yote ni kweli, na hakuna hata moja linaloufungua mlango ule. Nisamehe kama waweza. Kama huwezi, daftari ni lako kwa vyovyote.

Msalimie sana shemeji Ranjan. Mwambie achari yake ya maembe sijaonja mfano wake.

Fanuel


Tooting, London
24 Machi 1979

Ndugu Fanuel,

Daftari limefika salama. Nililiweka mezani siku nzima kabla ya kulifungua.

Ranjan hayupo. Alifariki miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Novemba, kwa ugonjwa wa moyo. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu sikuwa nimekuandikia chochote. Jambo moja nikuambie juu yake. Kwa miaka yote tuliyokaa hapa, kila ulipotajwa, alisema neno moja tu: "Yule maskini aliogopa." Tulipotoka mlangoni kwako tulipokewa na mama mmoja muuza makaa ambaye hatukumjua hata kwa jina, tukakaa kwake siku nne nyuma ya magunia, na hata pale, akiwa na vumbi la makaa usoni, Ranjan alikutetea. Mimi sikumjibu. Alidhani nimekasirika. Ukweli ni kwamba sikuweza.

Jumamosi iliyopita niliwaandikia wanafunzi ubaoni orodha yako yote. Epidamno, Korkira, Potidea, Megara. Kwa mwandiko wangu haikupendeza kama kwa wako. Njeri aliitazama, akanyoosha mkono.

"Mwalimu," aliniambia, "hawa wote wana malalamiko. Korintho ana lake, Megara ana lake. Mbona hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba anaogopa?"

Tarsem akamjibu kabla yangu. "Dada, nani ataandika hivyo? Ukienda kumshtaki mtu, unasema amekukanyaga. Husemi kwamba amekuwa mrefu."

Darasa likacheka. Nilifuta ubao mapema siku ile, nikasema kichwa kinaniuma.

Sasa nisikilize. Wewe unadhani mambo yetu yalianza mlangoni kwako, na umeyabeba hivyo miaka kumi na mitano. Hayakuanzia pale. Mwaka ule wa sitini na tatu, vijana walipokubeba, nilikupa mkono kweli, na nilikuwa nimetabasamu. Lakini wote tulijua kwamba kiti cha mwalimu mkuu kitakuwa wazi mwisho wa mwaka. Nilikuwa nimekingojea miaka tisa. Kila mtu aliniita mkuu mtarajiwa, hata mpishi. Na siku ile nilimtazama mkaguzi akikutazama wewe. Wewe ulikuwa kijana kuliko mimi, watoto walikupenda, na nchi ilikuwa inageukia watu wa aina yako. Nilirudi nyumbani nikamwandikia mkaguzi barua. Nilisema kwamba Mwalimu Semkiwa huchanganya siasa na masomo, kwamba mdahalo wa Sparta ulikuwa hotuba ya chama iliyovishwa nguo za Kiyunani, na kwamba kumpa shule ni hatari wakati kama huu.

Hakuna lililokuwa kweli. Ulikuwa umezungumza habari za Sparta, basi. Ndiyo maana kiti hukukipata. Nami sikukipata, akaletwa mtu wa tatu tusiyemjua, nawe ukaja kunipa pole.

Kwa hiyo nilipobisha mlangoni kwako nikasikia redio ikishuka, nilijua uko ndani. Nilichofikiri ni hiki: amejua. Nikaona nimestahili. Nikamshika Lila mkono tukaondoka. Baadaye nilipotambua kwamba huenda hukuwa unajua lolote, ilinifaa kukuachia wewe kosa zima. Ranjan amekufa akiamini kwamba mumewe ndiye aliyekosewa.

Sikuombi kitu. Umenieleza lako kwa ukweli, nisingeweza kulipokea kama deni langu wakati si langu.

Mungu amlinde Solomon.

Pravin


Tooting, London
16 Juni 1979

Mwalimu Fanuel,

Wiki kumi na mbili zimepita bila jibu. Sikuandikii kukuhimiza. Kila siku mchukua barua hupita saa tatu, nami hukaa karibu na mlango huku nikijifanya nasoma gazeti, na Lila ameanza kunitazama. Nimeona ni heri niseme mwenyewe kwamba nimeelewa.

Mtihani ulifanyika juzi. Swali la pili lilikuwa la Athene na Sparta, na Njeri ameniambia aliandika kurasa sita. Hayo ni matunda ya daftari lako. Kama ungependa nikurudishie, nitalirudisha.

Sitakuandikia tena baada ya hii, isipokuwa uniandikie wewe.

Pravin


Muheza
4 Julai 1979

Ndugu Pravin,

Nimerudi nyumbani jana na kukuta barua zako mbili kwa pamoja kwenye sanduku la posta. Nimezisoma kwa mfuatano wake, kwa hiyo ile ya pili ilinisikitisha kuliko ulivyokusudia.

Sikuwa kimya kwa hasira. Sikuwepo. Katikati ya Aprili, siku chache baada ya redio kutangaza kwamba Kampala imeanguka na watu hapa kucheza ngoma barabarani, tulipata simu ya maandishi kwamba Solomon yuko hospitali Mwanza. Lori lake lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Msaidizi wake alikufa papo hapo. Solomon wamemkata mguu wa kushoto, chini ya goti. Mimi na mama yake tulipanda treni, tukakaa Mwanza miezi miwili na nusu, tukilala kwa ndugu wa kanisani. Sasa tumemleta nyumbani. Hasemi sana. Ana miaka ishirini na hukaa barazani akiwa ameufunika mguu kwa kanga ya mama yake hata jua likiwa kali. Watu wanakuja kumpongeza kwa ushindi. Anawashukuru.

Sasa barua yako ya Machi.

Nilikuwa najua, Pravin. Mkaguzi aliniita ofisini kwake mwezi wa Novemba, akaniwekea karatasi ile mezani akanitaka nieleze. Hakunitajia mwandishi, ila mimi nilikuwa nimesahihisha rundo moja la madaftari nawe kwa miaka sita. Naijua k yako inavyovuta mkia. Nilijieleza, akaniambia niende. Nilipotoka nilikukuta uwanjani unawapanga watoto mstari, ukaniuliza, "Vipi, kwema?" Nikasema kwema. Na baadaye nilipokuja kukupa pole ya kiti, nilikuja kukupa nafasi ya kusema. Nilikunywa chai yako vikombe viwili. Hukusema, nami sikuuliza.

Kwa hiyo barua yangu ya Februari haikuwa kamili, na unisamehe kwa hilo pia. Nilikuandikia kwamba niliogopa. Woga ulikuwepo. Lakini uliposema kwa sauti ile yako ya darasani, "Fanuel, ni mimi," ile karatasi nayo niliiona mbele yangu. Nimejipima kwa miaka kumi na mitano kipi kilinikalisha kwenye kiti. Siku nyingi nasema ni woga, tena nasema kwa urahisi, maana mtu mwoga husamehewa. Lakini ziko siku, hasa nikiwa nimeudhiwa na jambo jingine kabisa, najikuta nakumbuka kwamba niliposikia hatua zenu zikienda, kulikuwa na kitu kidogo ndani yangu kilichosema: naye aone. Na pembeni yako alikuwa Ranjan, aliyekuwa akiniletea achari, na mtoto wa miaka kumi.

Tulikuwa tukiwafundisha vijana waandike sababu tano, kila moja na alama zake. Ningekuwa na darasa leo ningewauliza kama wana hakika kwamba wale watu wa Sparta, walipopiga kura ya vita, walijua wenyewe wanapiga kwa ajili gani. Huenda kila mmoja alirudi nyumbani na sababu yake, akaibadilisha kadiri alivyozeeka.

Sijui kama haya yanatupatanisha. Mimi nimechoka, na kuna kijana barazani wa kumfikiria. Ila usiache kuandika. Nilipokuwa Mwanza, kitandani kwa Solomon, hakuna mtu niliyetamani kumweleza mambo yale isipokuwa wewe, na nilikuwa bado sijaisoma barua yako.

Poleni sana kwa Ranjan. Mama Solomon alilia, na si mtu wa kulia.

Daftari kaa nalo.

Fanuel


Tooting, London
21 Julai 1979

Mjomba Fanuel,

Shikamoo. Mimi ni Lila. Kiswahili changu ni cha kusikia kuliko kuandika, kwa hiyo utakapokuta makosa yasahihishe tu, Baba amesema utafurahi.

Baba amejaribu kukujibu mara nne. Anaandika ukurasa, anauchana, anaenda kutembea. Juzi alinikalisha jikoni akanisomea barua zako zote, na zake pia, maana alikuwa ameweka nakala. Sikuwa najua habari ya mkaguzi. Nilimkasirikia, Mjomba, nitakuambia ukweli. Nilimnyima maneno siku mbili, kwa ajili ya Mama. Halafu leo asubuhi amenitengenezea chai akasema, "Ningemwambia, Lila, lakini alinipenda vizuri mno." Tulikunywa chai.

Mlango wako naukumbuka. Ulikuwa wa buluu. Nilikuchukia nikiwa mtoto, na nilipokua nikaacha, sikumbuki mwaka gani. Leo sikuandikii habari ya hayo.

Nakuandikia kwa sababu ya Solomon. Mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo, hospitalini, na kwa miaka miwili sasa nashughulika na watu waliokatwa miguu. Wengi ni wazee wa kisukari, lakini misuli ni misuli. Nimeuliza wenzangu. Miguu ya bandia hutengenezwa pia Dar es Salaam, si lazima itoke huku. Lakini ukifika pale na goti limekakamaa, mguu hauvaliki hata uwe mzuri namna gani, na goti hukakamaa upesi, hasa kwa mtu anayekaa kutwa nzima. Kwa hiyo kinachotakiwa kifanyike sasa ni nyumbani kwenu, na anaweza kukifanya yeye mwenyewe.

Nimechora picha, ziko ndani ya bahasha. Picha ya kwanza ni jinsi ya kufunga bandeji. Ifungwe kwa mshazari, ikibana zaidi kwenye ncha, pale mguu ulipokatwa, na kulegea kadiri inavyopanda, isifungwe kwa kuzungusha kama kamba. Ifunguliwe na kufungwa upya mara tatu au nne kwa siku. Picha ya pili na ya tatu ni mazoezi. Alale kifudifudi dakika ishirini, asubuhi na jioni. Anyooshe goti mpaka mwisho, ahesabu mpaka kumi, aachie. Kwanza litauma, halafu litaacha. Kanga si vibaya akitaka kujifunika, lakini mwambie aushike mguu kwa mikono yake kila siku, ausugue taratibu, ili ngozi izoee kuguswa. Wengi hawataki. Baada ya wiki moja wanataka.

Nipimie haya uniandikie: urefu kutoka katikati ya goti mpaka ncha, na mzunguko wa ncha asubuhi kabla hajainuka kitandani. Na uniambie kama kuna mahali pekundu au panapotoa maji. Kama panatoa maji, usisubiri barua yangu, mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo.

Baba amesimama nyuma yangu sasa hivi. Anasema niongeze kwamba atakuja. Nimemuuliza aje wapi, anasema Muheza, mwezi wa Desemba, kama utamkubali. Nimemwambia hayo aandike mwenyewe, amesema ataandika. Mimi nitakuja naye, nione goti hilo kwa macho yangu.

Na jambo la mwisho, ndilo kubwa kuliko yote. Mwambie Solomon asiweke mto chini ya goti anapolala. Karibu wote huweka, maana unaona raha. Lakini goti likizoea kukunjwa usiku, asubuhi halinyooki, na siku zikipita halinyooki kabisa. Alale mguu umenyooka, hata ukiuma.

Lila Vaidya